Mume wangu ananiomba ridhaa ya kuwa na mpenzi mwingine, na hoja yake ni mama yangu

Shikamoo Shangazi,

Barua hii nimeiandika mara tatu nikaifuta. Leo naituma ilivyo, kwa sababu mume wangu amenipa hadi Pasaka niwe nimemjibu, na sina mtu wa kumweleza.

Nina miaka 41, ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro. Tulifunga ndoa kanisani mwaka 2009, wote Wakristo, na tuna watoto wawili. Mimi ni mwanakwaya. Yeye ana miaka mitatu sasa anafanya kazi za kompyuta akiwa nyumbani, kwa mkataba na watu wa nje. Hanywi, hajawahi kunipiga, ada ya watoto haijawahi kuchelewa. Nayasema haya usije ukadhani ni mume mkorofi tu.

Mwezi wa kumi na moja, watoto wakiwa wamelala, aliniambia kuna dada mmoja Dar es Salaam wanapendana, wana miezi mitano. Akasema hataki kuniacha na hataki kunificha. Anataka tuishi kile wanachokiita poliamori, yaani mtu kuwa na wapenzi zaidi ya mmoja, wote wakijua na wote wakiridhia. Akaniambia, "Rafiki zangu wote unaowafahamu wana nyumba ndogo na wake zao hawajui. Mimi nimekuheshimu, ndiyo maana nakueleza." Akaongeza kwamba na mimi ruksa. Nikimpata mtu, yeye hatakuwa na kinyongo.

Nililia. Halafu usiku ule sikulala, na hili naliandika kwa sababu hunijui. Kuna wakati nilimuwaza mwalimu mwenzangu mmoja. Miaka yote ya ndoa sijawahi kumuwaza mwanaume mwingine. Asubuhi nilijiona mchafu, nikashindwa kwenda mazoezi ya kwaya.

Ninachoshindwa kabisa ni kumjibu hoja za dini. Nikimwambia ni dhambi ananitajia Ibrahimu, Yakobo, Daudi, na Sulemani na wake zake 700 na masuria 300. Anasema majirani zetu Waislamu wanaruhusiwa wanne na Mungu hajawachoma. Na kuna hoja moja akiitoa mimi nanyamaza.

Sisi ni Wagogo wa upande wa Kongwa. Baba yangu alikuwa na ng'ombe na wake watatu, na kwa wakati ule halikuwa jambo la ajabu. Mama yangu alikuwa wa pili. Mwaka 1987 baba aliokoka, na alipotaka kubatizwa, viongozi wa kanisa la pale kijijini wakamwambia abaki na mke wa kwanza peke yake. Mama akarudishwa kwao na godoro, sufuria mbili, mimi wa miaka mitatu nikitembea na mdogo wangu akiwa mgongoni mwake. Mke wa tatu naye akaondoka. Baba akabatizwa, watu wakaimba. Mama hakuolewa tena. Alitulea kwa kuuza mahindi na ubuyu pale Kibaigwa. Hadi leo anakwenda kanisani, na sijawahi kumsikia akimsema baba.

Sasa mume wangu ananiuliza, "Unamtetea Mungu yuleyule aliyemfukuza mama yako?" Ndiyo maana siwezi kwenda kwa mchungaji. Naogopa kanisa litafanya tena kile lilichofanya, na safari hii nitakuwa mimi niliyelipelekea.

Wiki iliyopita ameanza kusema yule dada aje kututembelea, akae chumba cha wageni. Nyumba hiyo niliiezeka mimi kwa mkopo wa SACCOS ya walimu, na bado nakatwa mshahara hadi mwakani.

Nikikubali, nimetenda dhambi? Na nikikataa, nimekuwa kama wale waliomrudisha mama?

Mwanakwaya, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na chumba cha wageni kwa sababu hicho hakisubiri Pasaka. Asije. Mwambie mumeo leo, kwa sauti ya kawaida, kwamba mgeni huyo hapokelewi katika nyumba ambayo watoto wako wanalala na ambayo wewe bado unailipia bati. Huhitaji aya ya kukuunga mkono. Mtu anayesubiri jibu lako hatandiki kitanda kabla hujajibu.

Na ule usiku wa mwalimu mwenzako uuache upite. Mumeo alikufungulia mlango ambao hukuomba ufunguliwe, ukachungulia, ukarudi. Rudi kwenye mazoezi ya kwaya. Ila angalia kitu kimoja: ile ruksa aliyokupa inamfaa yeye kuliko wewe, maana siku ukiitumia utakuwa umekwisha kumjibu ndiyo.

Sasa mama yako. Sehemu hiyo ya barua nimeisoma mara nyingi kuliko nyingine, na sitaki kuipita haraka.

Kilichompata mama yako kilikuwa kosa, na halikuwa kosa la kijiji chenu peke yake. Hukutaja dhehebu na sikuulizi, kwa sababu kwa miaka mingi makanisa mengi ya kimisheni Afrika yalifanana katika hili. Maaskofu wa Kianglikana walipokutana Lambeth, Uingereza, mwaka 1888, waliamua mwanaume mwenye wake wengi asibatizwe mpaka aiache hali hiyo. Ilichukua miaka 100 kulirekebisha. Mwaka 1988, katika mkutano uleule, walikubaliana kwamba mtu wa namna hiyo akiamini anaweza kubatizwa pamoja na wake zake na watoto wake walioamini, mradi aahidi kutooa tena maadamu yeyote kati ya wake hao yu hai. Wakasema pia asilazimishwe kumwacha hata mmoja, kwa sababu ya hali ambayo wanawake hao wangeachwa nayo katika jamii. Mwanangu, huo ni mwaka mmoja tu baada ya mama yako kubeba godoro. Kwa Wakatoliki, Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1148, inamtaka mwanaume anayebatizwa abaki na mke mmoja, lakini inamwagiza askofu ahakikishe wanaoachwa wametunzwa kwa haki. Jiulize kama kuna aliyekwenda Kibaigwa kuangalia mama yako anakula nini.

Kwa hiyo mumeo akikuuliza kama unamtetea Mungu aliyemfukuza mama yako, una jibu. Waliomfukuza walikuwa watu, na wenye vyeo kuliko wao walikuja kukiri kwamba njia ile ilikuwa na dhuluma ndani yake.

Lakini kuna jambo ambalo mumeo amelipindua, na nadhani ndilo linalokufunga mdomo. Yeye anakuonyesha mama yako kama ushahidi kwamba sharti la mke mmoja ni la kikatili. Tazama vizuri kilichotokea mwaka 1987. Mwanaume alikuwa amempa mwanamke neno. Ng'ombe wakatoka, wazee wakakaa, watoto wakazaliwa. Kisha mwanaume huyo akaona nuru yake mwenyewe, na ili nafsi yake itulie, neno alilompa mwanamke likavunjwa na gharama akabeba mwanamke. Sasa njoo Morogoro. Mwaka 2009 mwanaume alikupa neno mbele ya madhabahu. Leo ameona nuru nyingine, na ili yeye aishi kwa ukweli wake anataka neno lile libadilishwe, na wewe ndiye ubebe. Katika hadithi hii, aliyesimama mahali pa mama yako ni wewe. Ukikataa, hutakuwa umemfukuza yule dada kokote. Hajaolewa na mumeo, hana mtoto naye, hujawahi kumuahidi kitu.

Twende kwa Ibrahimu, maana wanaume wanampenda sana wanapofika hapa. Mwulize mumeo kama aliisoma hadi mwisho. Aliyependekeza Hajiri ni Sara mwenyewe, Mwanzo sura ya 16. Ridhaa ilikuwepo, tena ilitoka kwa mke. Na bado nyumba iliwaka moto, na katika sura ya 21 Ibrahimu anaamka asubuhi na mapema, anampa Hajiri mkate na kiriba cha maji, anamtuma jangwani na mtoto. Mama yako angeijua hiyo asubuhi bila kusimuliwa. Yakobo yeye alimtaka Raheli peke yake. Wa kwanza alipewa kwa ulaghai wa mkwe. Nyumba ya Elkana ilikuwa na Hana asiyeweza kula kwa kulia, kwa sababu Penina alikuwa akimchokoza mwaka hadi mwaka. Na wale 700 wa Sulemani, kitabu hichohicho kinasema walimgeuza moyo.

Sisemi Agano la Kale linakataza wake wengi. Halikatazi, na mtu asikudanganye kwamba lina mstari huo. Lakini pale linaporuhusu, linamtwisha mwanaume mzigo. Kutoka 21:10 inamzungumzia hata mjakazi aliyeolewa: mume akijitwalia mwingine, wa kwanza asipunguziwe chakula, wala nguo, wala haki yake ya unyumba. Kumbukumbu la Torati sura ya 21 inamkataza mume kumnyang'anya mtoto wa mke asiyependwa haki ya uzaliwa wa kwanza.

Na majirani Waislamu awaache. Nalisema hili kwa uzito, kwa sababu babu yangu mzaa baba, Tanga, alikuwa Mwislamu mwenye wake wawili, na mimi nimelelewa nikiingia nyumba zote mbili. Usiku wa Bibi Mkubwa ulikuwa wa Bibi Mkubwa hata babu akiwa na homa. Akinunua khanga alinunua doti mbili zinazofanana, na akikosa pesa ya mbili hakununua. Sura ya An-Nisaa, aya ya 3, inaruhusu wawili, watatu, wanne, na papo hapo inasema mkiogopa kutofanya uadilifu basi mmoja. Aya ya 129 inawaambia wanaume hamtaweza kufanya uadilifu kamili baina ya wake hata mkijitahidi, kwa hiyo msimwelekee mmoja mkamwacha mwingine kama aliyetundikwa. Pale kuna mahari, kuna nafaqa yaani matunzo ya mke, kuna ndoa yenye mashahidi, na mke haruhusiwi kuwa na mume wa pili. Babu hakuwa malaika, na bibi yangu mdogo alilia siku nyingi nikimwona. Lakini hakuwahi kuwa rafiki wa babu anayekuja kulala chumba cha wageni. Mumeo anaazima ruhusa ya Waislamu na kuwaachia wajibu wao.

Tuje kwenye poliamori yenyewe, kwa sababu si haki kuipima kwa vipimo vya wengine tu. Neno hilo lilizaliwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wapo watu wazima wanaoishi hivyo kwa uwazi, na mji wa Somerville, jimbo la Massachusetts, mwaka 2020 ulianza kuwaandikisha wenzi wa nyumba moja hata wakiwa zaidi ya wawili. Ukristo kwa sehemu kubwa sana unaikataa. Novemba 2025 Vatikani ilitoa waraka mzima wa kusifu ndoa ya watu wawili, na ulizitaja zote mbili, ndoa za wake wengi huku kwetu Afrika na hii poliamori ya kwao. Mimi nami, kwa imani niliyorithi kwa mama, naikataa.

Ila hebu tumpime mumeo kwa sheria ya wenyewe. Wanaoishi hivyo wanasema msingi ni ukweli na ridhaa, na ridhaa inaombwa kabla. Mumeo alikuja na miezi mitano mkononi. Miezi hiyo yote ulipika, ulilala naye, ulikatwa mkopo, hujui. Kisha akakupa tarehe ya mwisho. Kisha akakulinganisha na wake wanaodanganywa, ili kutodanganywa uone kama zawadi. Mwanamke mwenye watoto wawili akiambiwa achague kati ya kujua na kutojua, na "hapana" haimo kati ya majibu, huyo hajaombwa ridhaa. Kwa hiyo unapouliza kama ukikubali utakuwa umetenda dhambi, nakujibu kwamba sioni bado ulipopewa nafasi ya kukubali.

Kuna sheria ya nchi pia, na hii ishike vizuri. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu mume na mke kugeuza ndoa ya mke mmoja iwe ya wake wengi, kwa tamko la wote wawili, kila mmoja kwa hiari, mbele ya hakimu au jaji. Lakini ndoa ya Wakristo wawili iliyofungwa kanisani kwa taratibu za Kikristo imetolewa humo. Maadamu wote wawili mnaendelea kuikiri imani hiyo, haigeuzwi. Kwa maneno mengine, hakuna mlango wa kisheria ambao yule dada angeingilia awe mke, hata wewe ukitaka kumfungulia. Sheria hiyohiyo inakupa haki ya kumdai fidia mtu anayezini na mumeo, na inasema mahakama itaitupa kesi ikiwa wewe mwenyewe uliridhia. Na ikifika siku ya kueleza kwamba ndoa imevunjika, Mungu apishe mbali, ugoni ulioendelea licha ya mwenzi kuupinga unahesabiwa. Kwa hiyo ile "sawa" anayoisubiri ina thamani kubwa kuliko alivyokuambia. Usiitoe kwa uchovu. Sema hapana, na uiandike hata kwa ujumbe wa simu. Halafu nyaraka za kiwanja na risiti za mkopo ziweke mahali unapopajua. Nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa yako.

Kabla ya mazungumzo mengine yoyote, nendeni wote wawili mkapime, na hadi majibu yatoke na yule dada aondoke katika habari hii, tumieni kondomu. Hili halina mjadala. Wengi wetu tunaukumbuka ule wito wa kampeni ya UKIMWI, "Tuko wangapi? Tulizana", na sababu yake haijaisha.

Kuhusu mchungaji, sikulazimishi. Lakini kanisa la leo si lazima liwe lile la 1987, na unaweza kulijaribu kabla ya kulipa siri yako. Tafuta mama mchungaji au mzee wa kanisa wa kike unayemwamini, umwulize jambo moja bila kutaja jina: mwanaume mwenye wake wengi akiokoka leo, hapa kwetu wake zake wanatendewaje? Akikujibu kwa haraka, bila kuwafikiria wale wanawake, huyo si wa kumpelekea mambo yako. Akisita, akauliza kuhusu watoto na mahali pa kuishi, kaa naye.

Mumeo ninamwona bado ni mtu wa kuzungumza naye. Alikuambia mwenyewe, na hilo silidharau. Mwambie utaongea naye kuhusu upweke wake wa kukaa ndani na kompyuta miaka mitatu, kuhusu kitandani kwenu, kuhusu chochote alichokikosa, siku atakapokuwa ameachana na yule dada, wala si kabla. Akikataa, nenda Baraza la Usuluhishi la Ndoa la kata yenu.

Na mwisho, mwanangu, umeniandikia mimi nisiyekujua kabla ya kumwuliza mwanamke pekee aliyeishi pande zote za jambo hili. Mama yako amekuwa mke mwenza, amekuwa mke aliyeachwa kwa jina la Mungu, na amebaki kanisani. Mumeo amemtaja, viongozi wa kanisa la kijijini waliamua habari zake, sasa na mimi nimezungumza juu yake kurasa mbili, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza alifikiri nini asubuhi ile. Ijumaa ukitoka shule panda basi la Dodoma, ushuke Kibaigwa. Usimweleze yako mara moja. Msaidie kuchambua mahindi, kisha mwulize ya kwake.